Bunduki Isiyo na Jina: Silaha za Kujiundia na Swali la Mungu kwa Kaini

Tarehe 26 Machi 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura saba dhidi ya mbili, kwamba serikali ya nchi hiyo inayo mamlaka ya kudhibiti mafurushi ya vipuri ambayo mtu huyanunua na kuyageuza kuwa silaha nyumbani kwake. Kesi hiyo, Bondi dhidi ya VanDerStok, ilihusu kanuni iliyotolewa mwaka 2022 inayowataka wauzaji wa mafurushi hayo kuwa na leseni, kuvipiga vipuri namba za utambulisho na kuhakiki mwenendo wa kila mnunuzi. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alieleza kwamba kanuni hiyo haipingani na sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968.

Mwamini wa parokia zetu anaweza kuuliza: jambo hili linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, linagusa Amri ya Tano ya Mungu, ambayo haina mpaka wa nchi. Pili, silaha ya kujiundia si ugeni kwetu. Gobore linalofuliwa na fundi wa kijijini ni ndugu wa karibu wa bunduki inayounganishwa katika karakana ya nyumbani huko Marekani, ingawa moja ni ya fukara na nyingine ni ya mwenye nafasi. Swali la kimaadili ni lilelile: nani atakayewajibika kwa silaha hiyo?

Ufundi wenyewe ukoje

Ili kuhukumu jambo kwa haki, yapasa kwanza kulielewa. Bunduki inayoundwa zaidi na watu binafsi nchini Marekani ni ile ya mtindo wa AR-15, iliyobuniwa katika miaka ya 1950 na mhandisi Eugene Stoner alipokuwa akiitumikia kampuni ya ArmaLite. Mwili wake una vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshikanishwa kwa pini mbili. Kipande cha chini hubeba triga. Kipande cha juu hubeba mtutu. Mtu akizitoa pini hizo, anaweza kuondoa kipande cha juu na kuweka kingine, na kwa muda mfupi akawa na bunduki ya kaliba nyingine.

Kaliba ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu na wa risasi ipitayo humo. AR-15 ya kawaida hutumia risasi yenye upana wa milimita 5.56. Hata hivyo, wapenzi wa ufundi huu hutafuta kaliba mbadala. Wapo wanaochagua 6.5 Grendel, iliyoanza kujulikana mwaka 2003, kwa sababu risasi yake huhifadhi nguvu hata ikienda mbali. Wapo wanaochagua .300 Blackout, iliyopata kibali cha viwango vya watengenezaji mwaka 2011, kwa kuwa kinachobadilika hasa ni mtutu tu. Kasha la risasi hubaki lilelile.

Si haki kudhani kwamba kila afanyaye hivyo ana nia mbaya. Wengi ni wawindaji, na sheria za uwindaji zenyewe huwasukuma huko. Katika jimbo la Virginia, bunduki ya kuwindia paa haina budi kuwa na kaliba isiyopungua inchi 0.23, ili mnyama asijeruhiwe na risasi ndogo kisha akaenda kufa kwa mateso porini. Katika eneo la kusini mwa jimbo la Michigan, lenye mashamba na makazi ya watu, sheria huruhusu bunduki zenye risasi za ganda lililonyooka, kama .450 Bushmaster, ambazo hazisafiri mbali kama risasi nyingine za uwindaji. Sheria hizi zina hekima ndani yake. Ya kwanza inamhurumia mnyama, sawa na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavyofundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Ya pili inamfikiria jirani ambaye mwindaji hamwoni, yule aliye nyuma ya kichaka.

Ufundi wenyewe pia hudai nidhamu. Risasi ya .300 Blackout yaweza kuingia katika bunduki ya 5.56, maana maganda yao yanakaribiana na kasha ni lilelile. Mtu akiifyatua kwa kukosea, risasi pana hukwama katika mtutu mwembamba, na bunduki yaweza kupasuka mikononi mwake. Ndiyo maana mafundi waangalifu hutia alama kwenye mitutu na makasha, wala hawaweki risasi za aina mbili mahali pamoja. Wanajua kwamba vitu viwili vinavyofanana kwa sura vyaweza kutofautiana kwa matokeo, na kwamba alama ndogo iliyowekwa mahali pake huokoa uhai.

Sehemu inayobeba jina

Kiini cha mjadala wote kipo hapa. Kwa sheria ya Marekani, katika vipuri vyote vya bunduki ya namna hii, kimoja tu ndicho kinachohesabiwa kuwa silaha: kile kipande cha chini. Mtutu, kitako, kasha na vinginevyo huuzwa kama bidhaa nyingine za dukani. Kipande cha chini kikitoka kiwandani, sharti kiwe na namba, na mnunuzi apitie kwa muuzaji mwenye leseni na kuhakikiwa. Akishakipata, yu huru kuunda juu yake bunduki ya kaliba aitakayo. Bunduki hiyo itakuwa ya kujiundia, lakini itakuwa na namba. Na kwa namba hiyo, wapelelezi waweza kumfikia mtu wa kwanza aliyeinunua.

Hata hivyo, sheria ya shirikisho haimkatazi mtu asiye na pingamizi la kisheria kujiundia silaha kwa matumizi yake mwenyewe bila kuipiga namba, mradi hafanyi biashara. Baadhi ya majimbo, California likiwemo, yameweka masharti makali zaidi. Katika upenyo huo ikaota biashara ya vipande vilivyoachwa bila kumalizika: kwa kuwa havijakamilika, wauzaji walidai kwamba si silaha, na kwa kuwa vimekaribia sana kukamilika, mnunuzi huvimalizia kwa zana za kawaida. Hakuna namba, hakuna daftari, hakuna uhakiki. Wamarekani wakaziita silaha hizo bunduki za mzimu, maana hupita bila kuacha nyayo.

Takwimu za serikali zilizotajwa katika hukumu hiyo zinaeleza ukubwa wa tatizo. Mwaka 2017, vyombo vya dola viliomba msaada wa kufuatilia asili ya silaha za namna hiyo zipatazo 1,600. Kufikia mwaka 2021, idadi ilikuwa imepita 19,000. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Silaha bila daftari nayo hupotea, lakini habari yake hurudi siku ya msiba.

Kanisa linafundisha nini

Mama Kanisa hafundishi kwamba kila mwenye bunduki ni mkosefu. Katekisimu inakiri haki ya mtu kuulinda uhai wake, na inaeleza kwamba kwa wale waliokabidhiwa maisha ya wengine, ulinzi huo waweza kuwa wajibu mzito. Lakini Katekisimu hiyohiyo inafundisha mambo mengine mawili yasiyopaswa kusahauliwa. La kwanza ni kwamba Amri ya Tano haikatazi kuua tu. Inakataza pia kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito. La pili ni kwamba utengenezaji na uuzaji wa silaha unagusa mafao ya wengi, hivyo mamlaka ya umma yana haki na wajibu wa kuusimamia.

Mafundisho haya yanarudiwa mahali pengi. Mwaka 1994, Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa tafakari ya kimaadili kuhusu biashara ya silaha kimataifa. Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, uliotolewa mwaka 2004, unadai hatua za kudhibiti utengenezaji na biashara ya silaha ndogo na nyepesi, kwa kuwa ndizo zinazorahisisha milipuko mingi ya ghasia. Baba Mtakatifu Fransisko, akihutubia Bunge la Marekani mwezi Septemba 2015, aliuliza kwa nini silaha za kifo zinauzwa kwa watu wenye nia ya kuwatesa wenzao, na akajibu mwenyewe kwamba sababu ni fedha, tena fedha iliyolowa damu.

Maandiko Matakatifu yanatufikisha mbali zaidi. Sura ya nne ya Kitabu cha Mwanzo inasimulia jinsi Kaini alivyomwua Habili. Mungu hakuanza kwa hukumu. Alianza kwa kuuliza, ndugu yako yuko wapi? Kaini akajibu kwa kukana kwamba yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Katika sura hiyohiyo, vizazi kadhaa baadaye, tunakutana na Tubal-kaini, mfua shaba na chuma wa kwanza kutajwa katika Biblia. Yeye ni mzawa wa Kaini. Na baba yake, Lameki, ndiye aliyejisifu mbele ya wake zake kwamba amemwua mtu kwa sababu ya jeraha tu. Ufundi wa chuma na majivuno ya kisasi vimewekwa katika nyumba moja.

Maandiko hayasemi kwamba ufundi ni dhambi. Jembe lilitoka katika tanuru lilelile, na Bwana wetu mwenyewe aliitwa mwana wa seremala. Lakini ukaribu huo ni onyo: mikono inayojua kufua chuma haiwezi kulikwepa swali aliloulizwa Kaini. Kile ambacho sheria huita namba ya utambulisho ni, kwa lugha ya kiraia, kukubali kuulizwa swali hilo. Mwenye silaha yenye namba anasema: kitu hiki cha hatari ni changu, kikimdhuru ndugu yangu, njooni mniulize. Mwenye silaha isiyo na namba, hata kama hajamdhuru mtu, amekwisha kutayarisha jibu la Kaini. Kwa hiyo, kosa la bunduki ya mzimu halipo katika kuundwa kwake nyumbani wala katika kaliba yake. Lipo katika kumkosesha jirani mtu wa kumwajibisha.

Hoja za wapinzani

Zipo hoja kinzani zenye uzito. Ya kwanza husema kwamba namba haizuii risasi. Ni kweli. Tarehe 27 Agosti 2025, watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka kumi, waliuawa kwa risasi wakiwa katika Misa ya kuanza mwaka wa shule katika kanisa la Annunciation, mjini Minneapolis. Kwa maelezo ya polisi, silaha zilizotumika zilikuwa zimenunuliwa kihalali. Siku chache baadaye, katika sala ya Malaika wa Bwana ya tarehe 31 Agosti, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaombea watoto hao na kumsihi Mungu akomeshe janga la silaha, kubwa na ndogo, linaloiambukiza dunia yetu. Msiba ule unatufundisha kwamba daftari peke yake halitoshi. Lakini mlango mmoja usiozuia wezi wote si sababu ya kubomoa milango yote.

Hoja ya pili husema kwamba anayedhamiria atajiundia tu. Hilo nalo lina mfano. Tarehe 8 Julai 2022, mjini Nara, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, aliuawa kwa bunduki iliyoundwa kwa mabomba, katika nchi yenye sheria kali mno za silaha. Leo printa za 3D zimeurahisisha ufundi huo zaidi. Hapa mwamini na aone mipaka ya sheria: haiwezi kuingia katika kila karakana. Inayoweza kuingia humo ni dhamiri. Ndiyo sababu Kanisa haliwezi kuiachia polisi kazi hii peke yao.

Hoja ya tatu husema kwamba kumiliki silaha ni haki ya raia, na wapo wanaoogopa kwamba daftari la leo litakuwa chombo cha dhuluma kesho. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, maana historia inazo serikali zilizowageuka watu wake. Lakini katika Mafundisho Jamii ya Kanisa hakuna haki isiyofungamana na wajibu. Dawa ya utawala mbaya ni kudai utawala bora. Kila nyumba kujificha na silaha yake ni ugonjwa mwingine.

Gobore nyumbani kwetu

Tuliyoyasema juu ya karakana za Marekani yanatulazimu sasa kutazama za kwetu. Gobore hujazwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, na mtutu wenyewe mara nyingi ni bomba la chuma lililookotwa kwenye shughuli nyingine. Halina kaliba inayoeleweka; kaliba yake ni upana wa bomba lililopatikana. Halina namba. Aliyelitengeneza aweza kuwa marehemu, na aliye nalo aweza kuwa amelirithi kwa babu. Likipasuka, humlemaza mwenyewe. Likitumika katika ujangili au ujambazi, hakuna wa kuulizwa.

Sheria ipo. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, ambayo inazitaka kuweka alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa Mwezi wa Msamaha, ambapo raia huhimizwa kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, kama sehemu ya mpango wa kunyamazisha bunduki, uliosogezwa mbele hadi mwaka 2030. Tanzania nayo imewahi kutangaza vipindi vya msamaha wa namna hiyo.

Hata hivyo, tusiwe wepesi kumlaumu mwenye gobore. Mkulima anayeishi kando ya hifadhi, ambaye nguruwe pori humaliza mihogo yake na tembo hulaza mahindi yake kwa usiku mmoja, haweki gobore darini kwa kupenda ghasia. Analiweka kwa sababu mazao yale ndiyo ada ya shule na chakula cha mwaka. Serikali hutoa kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Malipo hayo yanapochelewa, au yanapokuwa madogo kuliko hasara, mahubiri ya kusalimisha silaha husikika kama mahubiri ya kukubali njaa. Haki na amani huenda pamoja. Anayemwomba maskini aweke silaha chini, na amsaidie pia kulilinda shamba lake kwa njia halali.

Wajibu wa jumuiya

Yapo mambo ambayo parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zaweza kuyafanya bila kusubiri agizo. Kamati za Haki na Amani zaweza kuwaeleza watu vipindi vya msamaha vinapotangazwa, na kuwasindikiza wanaoogopa kwenda kituoni peke yao. Zaweza pia kuwasaidia wakulima kuandika madai ya kifuta jasho mapema na kwa usahihi, na kuyafuatilia. Wahunzi wetu, ambao mara nyingi ni waamini wa kawaida wanaohitaji riziki, wasitengwe. Watafutiwe kazi ya majembe, mageti na majiko, ili ufundi wao uwalishe bila kuwakosesha usingizi. Nabii Isaya aliwaona watu wakifua panga zao ziwe majembe. Tuliosikia unabii huo kila Majilio tukumbuke kwamba hauwezi kutimia bila fundi aliye tayari kubadili kazi ya mikono yake.

Kwa waamini wetu wanaoishi ughaibuni, hasa Marekani, ambako ufundi wa kuunda bunduki ni burudani halali, shauri ni jepesi kulisema na zito kulishika. Anayewinda na awinde kwa kufuata sheria ya jimbo lake, kwa kaliba ifaayo, akimkumbuka mnyama na jirani. Anayeunda na aunde juu ya kipande chenye namba, hata pale sheria isipomlazimisha, na aifungie silaha yake mbali na mikono ya watoto na ya mtu aliyekata tamaa. Asimpe wala asimuuzie mwingine silaha isiyo na kumbukumbu. Na kabla ya kununua kipuri cha kwanza, ajiulize kwa unyofu mbele ya Mungu kama anakihitaji kitu hicho, au kama ni hofu na majivuno ya Lameki vinavyomsukuma.

Hukumu ya mahakama ile haitamaliza mjadala wa Wamarekani, wala itifaki zetu hazitayamaliza magobore. Mahakama huamua kama kipande cha chuma ni silaha. Swali la kama aliyekishika bado ni mlinzi wa ndugu yake linabaki kwa kila mmoja wetu, na Mungu hajaacha kuliuliza.